Chai ya Kuelea, Pesa ya Kausha Damu

Jamani, watu wana roho ngumu. Mtu anakwenda kuchukua kausha damu, mkopo ule wa kurejesha kila siku kabla jua halijazama, na wala siyo mtaji wa genge, siyo ada ya mtoto, siyo mgonjwa kalazwa Muhimbili. Anakopa ili akapigwe picha Zanzibar akiwa kifua wazi ndani ya bwawa, na mbele yake sinia la chai linaelea. Mmh! Nimesonya mpaka ulimi umekauka.

Kijiweni kwetu wiki hii hatuna mada nyingine. Simba na Yanga tumewapumzisha, siasa tumeifunika kawa. Mada ni dogo mmoja wa bodaboda, kijana mchapakazi, hana baya na mtu, aliyemvusha mchumba wake kwenda Unguja kwa usiku mmoja. Usiku mmoja, ndugu msomaji! Kaenda na boti ya asubuhi, karudi kesho yake na boti ya jioni, na sasa kila kukicha dada wa marejesho anamkuta pale pale anapoegesha pikipiki, daftari mkononi, hasalimii mtu.

Hiyo chai tuliiona. Simu ilipita mkono kwa mkono, kila aliyeishika akaikuza picha kwa vidole viwili. Sinia la ukili la duara, lina masikio mawili. Juu yake mayai mawili ya kukaanga, vipande vya papai, mkate uliokatwa pembe tatu, glasi ya juisi yenye kijimwavuli cha karatasi, na maua mekundu yamemwagwa pembeni. Chai yenyewe, ile ya kunywa, haimo, ingemwagika. Fundi viatu aliitazama muda mrefu, halafu akauliza: "Sasa hapo ukikosa chumvi, unaogelea kuifuata?"

Dogo akajitetea kwamba haikuwa ya kulipia, ilikuwa ndani ya kifurushi. Aa wapi! Na kifurushi kililipwa na nani?

Mimi sina ugomvi na mtu kula bata. Mtu aliyesugua foleni za Dar mwaka mzima ana haki ya kuloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Ninachokataa ni huu uongo uliotuingia kwamba kisiwa ni cha wenye dola, na sisi tukienda lazima tujifanye wageni. Zanzibar ya dola na Zanzibar ya shilingi ziko kwenye barabara moja, zinapishana kutwa. Pesa ya dogo imeliwa na aibu na haraka. Tumhesabie tangu bandarini muone.

Pale nje ya bandari ya Dar kuna vijana wanaokudaka kabla hujafika dirishani. Boti imejaa, brother, imebaki nafasi mbili, zangu mimi. Dogo, mtoto wa mjini kabisa, anayewapiga abiria bei Kariakoo kila siku ya Mungu, naye akapigwa, na dirisha lilikuwa linaonekana. Tiketi inanunuliwa dirishani au kwenye simu yako, basi. Mtanzania ana nauli yake ya shilingi. Mgeni wa nje anatozwa zaidi, na kwa miaka mingi daraja la kawaida lilikuwa dola 35. Tena tangu Oktoba 2024, akiingia kule anadaiwa na bima ya dola 44. Wewe hayo hayakuhusu. Umepunguziwa kabla hujapanda boti, unataka upunguziwe na nini tena? Ila kitambulisho cha NIDA usikiache kwenye droo. Sehemu nyingi zenye kiingilio zina bei ya mwananchi na bei ya mgeni, na Kiswahili peke yake hakithibitishi kitu. Hata Mkenya anacho, hata Mkongo.

Wakashuka bandarini Malindi, Unguja. Hapo mchumba akatazamwa usoni, na dogo akaona aibu kutamka neno daladala. Teksi. Peke yao wawili, viyoyozi juu, mpaka Paje, kilomita kama 50 upande wa pili wa kisiwa. Ukikisikia alichotoa, utadhani gari kaliacha kwake.

Nani kamwambia daladala ya Unguja ni fedheha? Namba 116 inakwenda Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu kwa kupitia Paje, 505 uwanja wa ndege. Namba hizo zina miaka. Vituo ndivyo vinavyohamishwahamishwa, kwa hiyo ukifika muulize mwenye duka, usimuulize mwenye teksi. Ukibahatika ile ya mabenchi ya ubavuni, mnakaa magoti kwa magoti, ndoo ya dagaa katikati, juu ya bodi magunia na baiskeli ya mtu, upepo unaingia pande zote. Mama wa kando yako kabla hamjatoka mjini keshajua unakwenda wapi, umetoka wapi, na kwa nini hujaoa. Hiyo ndiyo ziara yenyewe. Tena gari hizo za kusini zinapita mlango wa Msitu wa Jozani, ambako kima punju, wale wenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama, wanavuka barabara mchana kweupe. Kwao ni Unguja. Mzungu anapanda ndege saa kumi kuja kuwaona. Dogo kawapita amefunga kioo.

Sasa njoo Paje. Wamefika saa tano hivi asubuhi, mchumba kavaa nguo ya kuogelea tayari ndani ya gauni, wanatoka mbio kwenda ufukweni. Bahari haipo! Mchanga mtupu, mitumbwi imelala ubavu, mawimbi unayaona kule mbali kwenye mwamba, mstari mweupe. Dogo anasema alidhani kumetokea tsunami. Mapokezi wakamfariji: bwawa lipo. Na ndiyo maana chai ikaelea bwawani, mjue. Bahari ya Hindi yote ile, mtu kaogelea kwenye maji ya dawa.

Hapa ndipo muuza kahawa wetu alipoweka dele chini. Mzee huyu ni mzaliwa wa Makunduchi, yuko Dar zamani sana, kwa kawaida anasikiliza tu na kugonga vikombe.

"Mwanangu, mlivuka tarehe ngapi?"

Dogo akataja tarehe ya mshahara.

"Siyo hiyo. Ya mwezi. Mwezi wa juu."

"Sijui, babu. Nilikuwa naangalia salio."

"Basi ulikwenda na bamvua, hukuuliza."

Akatupa darasa ambalo sijalisikia kwa wakala wa safari hata mmoja. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani kwenye tarehe mosi na tarehe 15 za Kiislamu na siku zinazofuatia hapo, ni bamvua: maji yanakupwa sana na kujaa sana. Kati ya kupwa na kujaa ni kimo cha mita nne hivi. Siku hizo saa nne, saa tano asubuhi pwani ya mashariki imekauka, na saa kumi, saa kumi na moja jioni maji yako mlangoni. Kila siku saa zinasogea mbele, karibu dakika 50. Ukingoja wiki moja unakuta maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa zimegeuka: asubuhi bahari imejaa, alasiri imetoka. Kalenda ya Kiislamu ukutani kwa shangazi yako ina thamani kuliko hicho kifurushi. Na kama hutaki hesabu kabisa, nenda kaskazini, Nungwi na Kendwa, kule bahari haiendi mbali, unaoga saa yoyote.

"Jioni maji yalirudi, hukuyaona?" mzee akauliza.

Dogo akakuna kichwa. Jioni hawakuwepo. Waliambiwa wasikose kuona jua likizama baharini, na Paje iko mashariki: jua huko linachomoza baharini, halizamii. Kwa hiyo wakapanda teksi tena, kilomita zile zile 50, kurudi mjini kutazama machweo, huku nyuma yao bahari imejaa mpaka kwenye minazi. Kijiwe kizima kikasonya kwa pamoja. Hata mbwa wa mwenye bucha alinyanyua kichwa.

Lakini hata hayo maji kupwa siyo hasara, ni wakati wa kutembea. Maji yakitoka unakwenda kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Vaa viatu vya plastiki, maana kuna vile vidude vyeusi vya miiba, na kikikuchoma utajua kwenu ni wapi. Ukitembea Paje, Bwejuu au Jambiani utawakuta akina mama wa mwani. Kilimo hiki kimeshika Unguja tangu mwaka 1989 au hapo karibu, na mpaka leo wengi walioko majini ni wanawake. Simama utazame mikono yao. Vigingi viwili vimechomekwa mchangani, kati yake kamba imevutwa. Mama kakaa chini kwenye maji, khanga imeloa mpaka kifuani, anachukua kikonyo cha mwani, anakipachika kwenye kijiuzi, anakaza, anasogea upana wa kiganja, anapachika kingine. Hatazami hata kidogo anachokifanya. Anazungumza na mwenzake aliye kamba ya pili. Maji yakianza kupanda wanajitwisha viroba na kurudi. Watakueleza wenyewe kwamba ile aina nene, iliyokuwa na bei nzuri, siku hizi inakufa kwa joto la bahari, na ndiyo sababu baadhi yao wakageukia sabuni na mafuta ya kujipaka. Nunua sabuni moja, umekula somo na umeacha pesa kwa mwenyewe. Ila picha omba kwanza. Wewe ukiwa gereji chini ya gari, unapenda mtu aje akupige picha?

Tuje kwenye kula, maana huko ndiko dogo alikomalizikia. Wakiwa mjini usiku ule wakaingia Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya mwaka 2009, inapendeza, na jioni ni raha ambayo haina mlango wala kiingilio. Maji yakiwa yamejaa, vijana wa Mji Mkongwe wanapanga foleni kwenye ukuta wa bahari. Mmoja anarudi nyuma mpaka kwenye miti, anakimbia peku, anafika ukingoni anajirusha, anajikunja hewani mara mbili na kuingia majini kichwa mbele. Wenzake wanampigia kelele kama kakosea. Hapo unakaa saa nzima na glasi ya juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, hakuna anayekudai.

Tatizo ni zile meza za samaki. Mishikaki imepangwa chini ya taa, kamba mawe wameanikwa migongo, na jamaa wa kofia nyeupe anakusalimia kwa lugha nne. Ukimwonyesha kwa kidole umekwisha. Uliza bei kwanza, ya kimoja kimoja, na uulize kimeanza kuchomwa lini. Kuna mshikaki pale umeiona jana na juzi. Sheria yangu ni moja: kula kile kinachopikwa mbele yako kikiwa kibichi. Ile wanayoiita piza ya Zanzibar, kwa mfano. Donge la unga linabamizwa na kuvutwa mpaka unaona meza kwa chini, nyama ya kusaga, kitunguu, yai linapasuliwa juu, pembe zinakunjwa, linatua kwenye chuma cha moto. Hakuna cha jana hapo.

Na wenyeji wenyewe wanakula wapi? Vichochoroni na sokoni Darajani. Urojo, mwenzangu! Rojo la manjano lenye ukali wa embe na ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, mshikaki mmoja, juu chatne na chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba. Bakuli moja, kwa pesa inayokaribiana na sahani ya chipsi mayai ya Dar, linakusukuma mpaka usiku. Ukitaka wali wa nazi na mchuzi wa pweza, pale Mkunazini chini ya mbuyu kuna Lukmaan, unachagua sufuria kwa macho, unalipa, unakaa. Humo utakuta mwenye begi la mgongoni kutoka Ujerumani na mpiga chapa wa mtaa wa pili wamebanana meza moja. Asubuhi ni chapati na supu, au mkate wa kumimina na chai. Chai isiyoelea.

Dogo akaniuliza: sasa baada ya kula mtu afanye nini, atembee tu? Ndiyo, atembee tu! Mji Mkongwe umeingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na mitaa yake haitozi. Kuna milango ya kuchongwa ambayo ukianza kuihesabu utapotea, na kupotea ndiyo raha yake. Ukitembea dakika kumi upande wowote unatokea baharini au Darajani. Atakufuata papasi, ndiyo, kijana mwenye miwani ya jua ambaye shemeji yake anauza vikoi. Mwambie asante, sina safari, endelea. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, litazame kwa nje tu, sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020. Mahali ambapo nakwambia lipa bila kuguna ni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa lilipokuwa soko la watumwa. Teremka mpaka kwenye vyumba vya chini. Hapo hata sisi wa kijiweni tunanyamaza.

Halafu alasiri kaa Jaws Corner, pale penye papa aliyechorwa ukutani. Mzee anamimina kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, wengine wanapiga bao, wengine dhumna, ubishi wa siasa umepanda mpaka kwenye mapaa. Muuza kahawa wetu anasema hakuna kitu cha bei rahisi kuliko hicho Unguja nzima. Anajipigia debe, lakini kasema kweli.

Mengine niyapitie haraka. Kisiwa cha Changuu, penye wale kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli: mashua inakodiwa nzima, haikodiwi kwa kichwa, kwa hiyo jikusanyeni watu sita mgawane. Pomboo wa Kizimkazi: mimi siwashauri, boti zinawazingira wale viumbe mpaka unaona haya. Panda basi uende Kizimkazi hiyo hiyo uone msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107 kwa kalenda yetu hii. Fungu la mchanga la Nakupenda ni zuri, nalo linazama maji yakijaa, lakini ile sahani ya kamba mawe wanayokufungia na safari ndiyo inayokula nauli yako ya kurudia. Omba safari bila sahani. Bia kule ni ghali kuliko Dar, kwa hiyo anayekwenda kulewa asituletee malalamiko.

Msimu nao ni pesa. Julai, Agosti na mwisho wa Desemba vyumba vinapanda kwa sababu Ulaya yote iko likizo. Masika, Aprili na Mei, kunanyesha, hoteli nyingine zinafunga kabisa, na zilizobaki zinashusha bei na kukuita bosi. Mvua yenyewe mara nyingi haishindi kutwa. Ukitaka kwenda Julai, basi iwe kwa Mwaka Kogwa Makunduchi: wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na hakuna tiketi. Mzee wa kahawa anasema siku ile nyumba isiyopata mgeni inajiona imepungukiwa. Ramadhani nayo mchana utakaa na njaa yako kwa adabu, lakini jioni, futari ile! Mihogo ya nazi, ndizi, tambi, kaimati, hapo nisiendelee.

Na kama hata nauli ya kuvuka haipo, kisiwa siyo lazima kiwe Unguja. Mbudya na Bongoyo ziko hapo hapo mbele ya Dar, zimetengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na wakazi wa Temeke walio wengi hawajawahi kukanyaga. Unakwenda Kunduchi, unapanda mashua, muda siyo mrefu uko Mbudya kwenye mchanga mweupe, maji ya kijani, samaki wa kuchoma na banda la makuti. Jioni umelala kwako. Wamombasa ndio kabisa hawana kisingizio: wanaishi kisiwani, na feri ya Likoni mpita kwa miguu halipi senti.

Dogo tumemhukumu hivi: deni alimalize kwanza, Idi Kubwa ikipita atavuka tena, siku tatu, mahali pamoja, kwa daladala. Mchumba, tumesikia, ndiye aliyetoa wazo hilo. Kumbe yeye alitaka kuona kima tangu mwanzo, akaona haya kusema.

Nawe uliyekwisha kata shauri: boti ya kwanza inatoka Dar saa moja asubuhi, uwe bandarini saa kumi na mbili. Na kama ni miezi ya kusi kali, kuanzia Juni mpaka Agosti, mkondo wa katikati unachafuka na wahudumu wanapita na vifuko vya kutapikia, kwa hiyo kula kidogo, kaa nyuma, na supu ya pweza uiache mpaka ushuke.